Umeanzia kupima wapi?

Juzi nimepita fildi saa saba mchana, jua la utosi, nikamkuta dogo wa mwaka wa tatu kashika klampu ya mashine ya gesi, ile inayopima usanisinuru wa jani, anahangaika kukunjua jani la muhindi liingie kwenye chemba. Nikamuuliza ameanzia wapi. "Kule kwenye sifuri, kaka. Hapa namalizia za 120." Hizo ni kilo za naitrojeni (N) kwa hekta. Nikakaa chini kwenye tuta. Wadogo zangu, mtanizeesha.

1. Jani. Kabla ya mbelewele, pima jani la juu kabisa ambalo ukosi wake, pale bapa linapoachana na shina, umeshaonekana. Ndevu zikitoka, pima jani la kwenye gunzi. Usichague lililokupendeza. Mmea wenye njaa huhamisha naitrojeni ya majani ya chini kulisha machanga, kwa hiyo juu kijani kitakudanganya wakati chini njano imeshaingia kwa umbo la V kufuata mshipa wa kati. Kingo zikiungua, hiyo ni potasiamu, na aliyeniandikia "upungufu wa N" kwenye picha ile anajijua.

2. Saa. Hili nililifanya mimi, tena kwa bidii.

Jaribio lilikuwa la mahindi, mkoani Morogoro: 0, 40, 80 na 120 kg N/ha, bloku nne, kila moja na ploti ya kila kiwango, jumla ploti 16. Nikaona kwenda bloku kwa bloku ni kujichosha na kubadili lebo kila dakika. Nikaanza na ploti zote za sifuri saa tatu asubuhi, nikaja 40, nikaja 80, nikafika 120 saa saba. Siku tatu mfululizo, mpangilio uleule. Mvua ilikuwa imekata siku kadhaa, na zile ploti za 120, zenye majani mapana, zilikuwa zimekunywa maji ya udongo kuliko wenzao. Mchana majani yamejikunja kama mkeka. Nami nayakunjua kwa vidole, nayabana, nasubiri namba itulie. Jani limefunga stomata, vile vitundu vyake vya hewa, linajihami, mimi nalinyoosha kama shati la shule.

Majibu yakatoka: naitrojeni ikiongezeka, usanisinuru unashuka. Mtu mwenye akili zake angeshtuka, maana naitrojeni ndiyo inayojenga umbijani na rubisko, kimeng'enya kinachonasa hewa ya ukaa, na kwenye mimea kama mpunga na ngano hadi robo tatu ya naitrojeni ya jani imo ndani ya kloroplasti, vile vijumba vya usanisinuru. Mimi nilifurahi. Nilijiona mgunduzi. Nikaandika kurasa 14 juu ya sumu ya naitrojeni kwenye mahindi, huku safu ya upitishaji wa stomata inaporomoka kwenye jedwali hilohilo, nimeichapa mwenyewe.

Supavaiza wangu, mama mpole asiyepandisha sauti, alisoma zote. Akavua miwani. "Umeanzia kupima wapi?" Nikajibu kwa kujiamini, na katikati ya jibu nikajisikia: sifuri asubuhi, 120 mchana. Hakuongeza neno, akanirudishia karatasi. Mahindi yalikuwa yameshavunwa. Nikarudia msimu uliofuata, nauli na urea kwa hela yangu. Zile kurasa nilimpa jirani muuza karanga, na wiki ileile nikauziwa karanga ndani ya grafu yangu.

Basi: maliza bloku moja ndipo uende nyingine, ndani ya bloku piga kura ploti ipi ianze, na saa tano klampu chini.

3. Urea ina N asilimia 46. Kilo 120 za N kwa hekta ni urea kilo 261, kwa ploti ya mita 4 kwa 5 ni gramu 522. Kuna mtu kila mwaka anapima kilo 120 za urea, kisha anashangaa mbona "120" yake inafanana na 40 ya mwenzake. Na ifukie. Ukiiacha juu ya udongo wenye joto na unyevu, ile harufu inayokuwasha pua ni tritimenti yako, kile kiwango cha mbolea unachojaribu, inaondoka.

4. SPAD, kile kifaa kidogo cha kubana jani, inapima ukijani, haipimi usanisinuru. Lile jani langu la saa saba lingekupa namba karibu ileile ya asubuhi, kijani kibichi, milango imefungwa.

5. Usichanganye N kwa uzito mkavu na N kwa eneo la jani kwenye grafu moja. Sitaeleza tena.

6. Pumzi. Hewa unayotoa mdomoni ina hewa ya ukaa karibu mara mia ya ile ya fildi, kwa hiyo kaa mbali na bomba la kuingizia hewa. Mwaka jana wawili walisimama palepale wakibishana Simba na Yanga, mimi nimeangalia skrini. Mstari ulikuwa unaruka kila mmoja akitamka "penalti".