Mama ameambiwa apasuliwe jicho

Dada, umesema mama anaogopa jicho litang'olewa. Mtulize, kwa kawaida haling'olewi. Kwanza muulize daktari anatibu nini hasa. Kama ni mtoto wa jicho, lenzi iliyofifia hutolewa na ya bandia ikawekwa mahali pake. Kwa kawaida hutiwa ganzi jicho tu, na hata saa nzima haiishi. Mama yangu alipofunguliwa bandeji asubuhi yake, aliushika ukingo wa leso yangu akaanza kusoma jina lililoandikwa. Nililia.

Presha ya jicho ni jambo jingine. Hapo upasuaji hufungua njia ya maji ili presha ishuke, lakini uoni uliokwisha kupotea haurudi. Kwa hiyo msicheleweshe, tafadhali! Kile kinyama kinachoota pembeni mwa jicho hukatwa kikatolewa, nacho huweza kuota tena. Mwenye kisukari huenda akahitaji kutibiwa kwa mwanga wa leza kwenye retina, yaani ule utando wa nyuma ndani ya jicho.

Hapa Nairobi kuna hospitali ya macho ya Lions kule Loresho, na hospitali ya Kikuyu si mbali. Akishapasuliwa asilisugue jicho, na dawa ya matone aitumie mpaka daktari aseme basi. Nani atakuwa naye nyumbani wiki ya kwanza?