Swali moja la bima halitoshi

Ndugu, dodoso lako la bima ya afya la Temeke, Dar es Salaam, limepata wenye bima wachache kuliko waliopo kwa sababu ya swali lenyewe: "Je, kaya hii ina bima ya afya?" Mke anajibu hapana, kadi ni ya kazini kwa mumewe, kumbe yeye na watoto wameandikishwa NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) kama wategemezi. Uliza kwa kila mtu, ukitaja aina: NHIF, CHF iliyoboreshwa (Mfuko wa Afya ya Jamii), bima binafsi. Kisha uliza kama kadi inatumika leo. Kuna waliowahi kulipia CHF na muda ukaisha.

Kabla ya kwenda mtaani, tafadhali, jaribu maswali kwa watu unaojua wana kadi hai, uone wangapi watasema hawana. Hapo ndipo utajua swali gani linapotosha.