Shimo linatuama maji? Usilijaze mchanga, panda juu

Mleta mada, umesema umechimba shimo la futi tatu hapo Pongwe, mvua ikalijaza, siku ya tatu maji bado yamo, na kijana wa bustani anakushauri ulijaze mchanga na samadi ndipo upande mparachichi. Mkuu, usithubutu. Mimi niko upande wa Kange, hapahapa Tanga, na nimeshazika miche miwili kwa ushauri huohuo.

Uwanja wangu ni mfinyanzi mtupu. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingia vidole na mtaimbo unadunda kama umepiga zege. Masika unaganda kwenye ndala mpaka mtu unarefuka. Isitoshe, wakati tunajenga malori ya mawe yalipita humo miezi, yakaushindilia vizuri. Basi mche wa kwanza nikaufanyia kila kitu: shimo futi mbili kwa mbili kwa mbili kama tunavyofundishwa, udongo mweusi wa kununua, madebe mawili ya samadi ya ng'ombe. Wiki tano ulipendeza. Masika ilipokolea majani yakawa manjano, yakalegea. Nikadhani una kiu! Siku isiponyesha nikawa naumwagia ndoo nzima jioni. Nilipoung'oa, mizizi ilikuwa myeusi, maganda yanavuka mkononi, na shimo linanuka yai viza. Jirani yangu, mama mtu mzima, akachungulia akaniambia, "Baba, hapo fuga kambale."

Wa pili nikaongeza mchanga. Ukafa mapema zaidi.

Nilichelewa kuelewa kwamba shimo la udongo laini katikati ya mfinyanzi ni ndoo. Maji ya uwanja mzima yanaona njia rahisi, yanaingia humo, yakifika chini hayana pa kwenda. Mizizi inakosa hewa, na mti uliokosa hewa chini unanyauka sawasawa na wenye kiu, ndiyo maana tunaumwagilia mpaka kaburini. Parachichi ndiyo mbaya kabisa kwa hili, maana kuna ugonjwa wa kuoza mizizi, vimelea vyake vinaitwa Phytophthora, vinavyosambaa kwenye udongo uliolowa muda mrefu. Hata mti mvumilivu ukipona, mizizi inazunguka kwenye ule udongo mtamu kama bado imo kwenye kiriba, ule mfuko wa plastiki wa kuoteshea miche, haitaki kuingia ukutani. Na mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi, jamani, si ndiyo udongo wa kukandikia nyumba?

Sisemi shimo la futi mbili ni kosa kila mahali. Shemeji yangu Lushoto anapanda hivyohivyo na matawi yanaelemewa na matunda. Ila kule kwake maji yanapita.

Kwanza pima. Chimba kishimo cha futi moja, jaza maji, yaache yaishe, jaza tena, kisha weka kijiti chenye alama uone yanavyoshuka. Inchi moja kwa saa, panda kawaida. Chini ya nusu inchi, fuata niliyofanya kwa mti wa tatu, mwembe dodo uliobebeshwa, yaani kikonyo cha dodo kimeunganishwa kwenye shina la mwembe mwingine, ambao sasa una miaka mitano.

Sikuchimba shimo. Udongo ulipokuwa na unyevu tu, si tope, nikatifua duara la kama mita mbili kwa jembe la uma, kina cha kiganja na nusu. Ukichimba mfinyanzi ukiwa tope, jembe linausiriba kama chungu na mizizi haipenyi. Nikachota udongo wa juu wa uwanjani kwangu, uleule, nikajenga tuta la futi moja na nusu lenye mteremko wa taratibu. Nikachana kiriba, nikanyoosha mizizi iliyojizungusha, mche nikauweka juu ya tuta, shingo yake na kile kiungo cha kubebeshea vikiwa wazi kabisa. Samadi iliyooza nikaitandaza juu, sikuichanganya chini. Juu yake nyasi kavu na makumbi ya nazi, shubiri moja mbali na shina, la sivyo mchwa watakushukuru. Matandazo hayo yakioza ndiyo yanayolainisha udongo, lakini ni kazi ya miaka.

Nilipanda vuli ilipoanza, ili masika iukute umeshashika. Tuta hukauka upesi, kwa hiyo kiangazi cha kwanza usiusahau: chomeka kidole, pakiwa pakavu mpaka kifundo cha pili, mwagilia.

Angalia pia maji ya bati lako yanaangukia wapi. Yangu yalikuwa yanamiminika palepale nilipopanda parachichi. Nikachimba mtaro wa kuyapeleka barabarani, nusu ya tatizo ikaisha.

Kama roho yako iko kwenye parachichi tu, jenga tuta kubwa zaidi na ujue unabahatisha. Mwembe au mpera utakuvumilia. Na hilo shimo ulilokwisha chimba, rudishia udongo wake uleule na usipande juu yake, maana utatitia mvua zikija na mti utazama nao. Sogea hatua tatu pembeni.