Kabla Hujafungua Rosa Mistika, Andika Kwanza Ulichosikia

Nilikijua kitabu cha Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi, miaka mingi kabla sijakisoma. Nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni ya wasichana, na bwenini kwetu kulikuwa na nakala moja iliyovuliwa jalada ikavalishwa gazeti, na juu ya gazeti mtu kaandika "Hisabati". Matroni wetu alikuwa na marufuku yake mwenyewe, hakungoja ya serikali. Ukiishika ile nakala mgongoni na kuiachia, inafunguka yenyewe palepale, kwenye kurasa zilezile zilizolainika na kuwa nyeusi pembeni kwa vidole. Kurasa nyingine zote zilikuwa safi. Zamu yangu ilipofika, taa zimeshazimwa, nilisoma kwa tochi chini ya shuka pale ilipofunguka, kisha nikampa wa kitanda cha juu. Tangu siku hiyo nikajihesabu miongoni mwa waliokisoma.

Mwaka huohuo kulikuwa na msichana wa kidato cha tatu tuliyemwita Rosa, kama yule binti wa kitabuni. Halikuwa jina lake. Alionekana siku ya kutoka akiongea na kijana kituo cha basi, na hatukuhitaji zaidi ya hapo. Mwaka uliofuata alipatikana na mimba, akafukuzwa, maana ndivyo ilivyokuwa. Ruhusa ya wasichana kama yeye kurudi darasani kwenye shule za serikali ilikuja kutangazwa Novemba 2021. Alipokuwa akiburuta tranka lake kuelekea getini, mmoja wetu akasema, "Si tulisema?" Tukacheka. Katika wale tuliocheka, sidhani kama alikuwepo hata mmoja aliyesoma sura ya kwanza.

Ndiyo maana leo mtu akiniomba nimwazime nakala yangu, ambayo naiweka kabati la juu pamoja na hati za nyumba, simpi hivihivi. Najua tayari anayo nyingine kichwani, aliyosimuliwa. Riwaya iliyozua kelele haianzwi kama riwaya usiyoijua; kelele zinakutangulia mlangoni. Wapo wanaoshauri usahau yote uliyosikia uingie na moyo mweupe. Mimi sijawahi kumwona mtu aliyeweza. Ninachoshauri ni hiki: chukua karatasi, hata nusu inatosha, uandike kila unachokijua kuhusu kitabu kabla ya kugusa ukurasa wa kwanza. Karatasi hiyohiyo ndiyo uitumie kushikia ukurasa uliofikia. Kila ukirudi kusoma utakutana nayo.

Tulifanya hivyo kwenye kikundi chetu cha kusoma, watu wanane, sebuleni kwangu, Jumamosi moja ya mvua. Nilikusanya vikaratasi nikavisoma kwa sauti. Saba vilisema kitabu kilipigwa marufuku. Sita vilisema kina mambo machafu. Vitano vilijua kwamba Rosa anajiua. Kimoja kiliandika "tabia mbaya ina mwisho mbaya" na kupigiwa mstari kwa rula. Zakaria, baba yake Rosa, alitajwa na mtu mmoja tu, kwa maneno mawili: baba mlevi. Karatasi nane, za watu wazima, wengi wetu wazazi, na karibu habari zote tulizokuja nazo zilikuwa za binti.

Tuanze na la marufuku, kwa kuwa ni la kweli. Riwaya ilitoka mwaka 1971, ikachapishwa Nairobi na East African Literature Bureau, na haikukaa sana ikazuiwa kutumika mashuleni Tanzania kwa jinsi ilivyozungumzia ngono na utoaji mimba bila kuzungushazungusha. Baadaye ikarudi kwa mlango wa mbele, ikawa kitabu cha kufundishia sekondari. Yaani dada angechapwa kwa kukutwa nacho, na mdogo wake angefelishwa kwa kutokukisoma. Kujua hilo hakudhuru, mradi usiingie kama askari anayepekua mizigo, ukitafuta kilichozuiwa. Ukipekua utakiona hicho tu, kama sisi na ile nakala yetu ya Hisabati.

Kuhusu uchafu sitachukua muda wako. Anayetafuta matusi atarudisha kitabu kwa hasira. Simu ya mwanao inaonyesha zaidi ya hayo kabla ya chai ya asubuhi.

La mwisho wa kitabu ndilo linalowaudhi watu. "Sasa umeshaniambia anajiua, nisome nini?" Kwanza, nimekuambia makusudi. Kwenye kikundi chetu kuna dada aliyempoteza kaka yake kwa njia hiyohiyo, na nilimpigia simu wiki moja kabla nikamweleza kilichomo na kiko wapi. Alikuja, akasoma mengine yote, kurasa zile akaziruka, na hakuna aliyemuuliza. Habari ya namna hiyo mpe mtu mapema, hasa kama amewahi kupigwa nyumbani kwao au kuzika mtu wa hivyo. Utamu wa hadithi hautoshi kuwa sababu ya kumvizia mwenzako. Pili, babu zetu walikaa kusikiliza tenzi ambazo mwisho wake waliujua kabla mghani hajakohoa, na walikaa mpaka usiku wa manane. Na tatu, kitabu hakiishii pale anapokufa. Kuna kurasa baada ya hapo, na za namna ambayo hukuitarajia katika riwaya ya kijiji. Hizo sizigusi.

Kuna aina nyingine ya kujua ambayo kwangu ilikuwa mbaya kuliko uvumi wa bwenini, nayo ni notisi za mtihani. Nilipofika kidato cha tano nilikisoma tena, safari hii kwa ruhusa, na daftari pembeni. Bado ninalo. Rosa: ni binti wa Zakaria, ni mhuni, anatoa mimba, anajiua, hafai kuigwa na jamii. Zakaria: ni mlevi, ni mkali, hafai kuigwa na jamii. Dhamira kuu: malezi. Ukurasa mzima wa watu wasiofaa kuigwa! Nilipata B. Kama na wewe ulikipitia kwa njia hiyo, kwenye karatasi yako andika zile sifa ulizokariri, moja moja, halafu ukisoma ujiulize ni nani ndani ya hadithi angezitamka. Mimi niligundua kwamba notisi zangu zilikuwa na sauti ya majirani.

Msomi akikutajia udhanaishi, ile falsafa inayohoji maana ya kuishi, mwitikie kwa heshima uendelee na safari. Neno hilo linamfuata Euphrase Kezilahabi kila anapotajwa, kwa sababu ya vitabu vilivyokuja baadaye, Kichwamaji mwaka 1974, na zaidi Nagona na Mzingile, ambavyo vimewatoa watu wengi jasho. Wapo waliopigana na Nagona wakashindwa, wakaapa kutomgusa tena mwandishi huyu. Rosa Mistika ni kitu kingine. Sentensi ni fupi, Kiswahili ni cha kuzungumza, unakimaliza kwa siku mbili. Na kumbuka umri wake: alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, Ukerewe, kijiji kilekile ambamo hadithi inaanzia, kwa hiyo kilipotoka alikuwa na miaka 27 hivi. Sisi tulikuwa tukimfikiria kama mzee mwenye fimbo anayetuonya, kumbe ni kijana aliyekuwa akikitazama kijiji chake.

Sasa yale ambayo hayakuwa kwenye karatasi hata moja.

Tulipofika kwenye jina la kitabu, niliuliza maana yake. Kimya. Halafu mama mmoja wa Kikatoliki, mtu wa jumuiya kila Jumamosi asubuhi, akafumba macho kidogo na kuanza kuitafuta kwa ulimi, kama mtu anayetafuta namba ya simu ya zamani: "Waridi lenye fumbo... utuombee." Mwenzake akadakia, "Mnara wa Daudi." Wakaendelea wawili wale, sisi wengine tumeduwaa, mpaka wakafika kwenye nyota ya asubuhi, na baadaye kwenye malkia. Rosa Mistika ni Bikira Maria wa litania, ile sala ya kumwita kwa sifa zake moja moja. Kezilahabi alisoma seminari Nyegezi, hilo halikumponyoka. Na si Rosa peke yake. Mama yake anaitwa Regina, malkia. Mdogo wake mmoja ni Stella, nyota. Nyumba moja ina majina matatu ya Maria, na ndani yake kuna mwanamume anayerudi amelewa na kupiga. Hata Zakaria mwenyewe: yule wa Injili ya Luka alifungwa ulimi mpaka mtoto wake alipopewa jina, huyu wa Namagondo hakupata wa kumfunga. Hilo la ulimi ni langu, usilipeleke kwenye mtihani.

Jina hilo nilikuwa nimelitumia kama tusi, na nilikuwa sijui kama lina sala ndani yake.

Halafu kuna barua. Mapema kabisa kijana mmoja, Charles, anamwandikia Rosa, na barua inafika mikononi mwa baba. Kipigo kinachofuata kimeandikwa bila kupambwa, na ukikisoma polepole utaona kwamba Rosa hajafanya lolote bado. Kaandikiwa tu. Niliufikia ukurasa huo nikiwa mama wa binti wa miaka 14, usiku, na simu yake ilikuwa mfukoni mwa khanga yangu ya kiunoni. Nilikuwa nimemnyang'anya jioni ile baada ya kuona ujumbe wa mvulana. Ujumbe wenyewe ulikuwa maneno mawili: "Umefika salama?" Nilikuwa nimeshafoka mpaka jirani akazima redio.

Niliacha kusoma. Nikaitoa ile simu nikaiweka juu ya meza, karibu na kitabu, nikavitazama vyote viwili. Usiku ule sikumrudishia. Nilimrudishia kesho yake asubuhi, nikamwambia nilikuwa naichaji.

Kutoka kwenye kipigo kile ndipo riwaya inapotembea: binti anayewaogopa wavulana, shule ya wasichana, kisha chuo cha ualimu Morogoro ambako hofu inageuka na kuwa kinyume chake kabisa. Kurasa nyeusi za bweni letu ziko huko mbele. Ukianzia huko, kama tulivyoanzia sisi, unamwona msichana mhuni. Ukianzia kwenye barua, unakuwa umeshamjua kabla hujaambiwa umhukumu.

Sisemi ukubaliane na kila kitu. Mimi nina ugomvi na kitabu hiki hadi leo. Mstari unaotoka kwa Zakaria kwenda kwa Rosa umenyooka mno kwangu. Nawajua wasichana waliopigwa hivyohivyo na hawakwenda alikokwenda yeye, na wengine waliolelewa kwa asali wakaenda. Na bili yote inalipwa na Rosa. Wanaume waliopita kwake, wenye elimu na vyeo, wanapangusa midomo na kuendelea na safari, na hata Charles, akishayajua yaliyopita, anageuza mgongo. Kikundi chetu kilibishana hapo kwa saa nzima, chai ikapoa. Mwalimu mmoja mstaafu, mwanamume, mtu asiyependa kelele, alisema mwandishi naye alimchapa yule binti, tena kwa fimbo ndefu kuliko ya baba yake. Dada mmoja akamjibu: hapana mwalimu, alitaka tuihesabu kila fimbo. Hawajapatana mpaka leo, na wote wawili walikuja na karatasi zilizosema "kitabu kichafu".

Ukimaliza, ndipo uisome karatasi yako. Usiichane, na usiirekebishe ili uonekane ulikuwa na akili tangu mwanzo. Weka alama tu kwenye kila neno lililokuwa la kweli, na pembeni andika ulilisikia kwa nani. Mimi langu la "malaya" nililisikia kwa msichana mwenzangu wa kidato cha pili, ambaye alilisikia kwa dada yake, ambaye hakuwa amesoma.

Mwezi uliopita binti yangu, sasa yuko kidato cha nne, aliniomba kitabu. Nilikitoa, nikampa na nusu karatasi na kalamu, nikamwambia aandike kwanza anachokijua, kama ninavyowaambia wengine. Aliandika haraka, akaikunja, akaichomeka kwenye ukurasa wa kwanza na kuondoka nacho chumbani. Nilivumilia siku mbili. Siku ya tatu alikiacha juu ya kochi akaenda kuoga, nikachungulia. Alikuwa ameshafika katikati. Kwenye karatasi kulikuwa na mstari mmoja:

"Mama anakiweka kabati la juu."