Ulinganifu wa mapengo kati ya namba tasa

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba namba tasa 97, 101, 103, 107, 109 na 113 zina mapengo ya 4, 2, 4, 2, 4, yanayosomeka sawa kutoka kulia au kushoto, na unauliza kama hiyo ni kanuni ya kutabiri namba tasa zinazofuata. Ulichokiona kinapendeza kweli na kina sababu yake, ila hakitabiri.

Jumlisha ya kwanza na ya mwisho, kisha ya pili na ya tano, halafu mbili za kati: kila mara utapata 210, yaani 2 × 3 × 5 × 7. Kwa kuwa 210 inagawanyika kwa namba hizo nne, namba yoyote n isiyogawanyika kwa mojawapo huwa na mwenzake, 210 − n, asiyegawanyika vilevile. Ndiyo maana namba zinazobaki baada ya kuchuja zile zinazogawanyika kwa 2, 3, 5 au 7 hujipanga sawasawa pande zote mbili za 105. Hata hivyo, mchujo huo hauigusi 11. Sogea hatua moja tu: 89 ni tasa, ilhali mwenzake, 121, ni 11 × 11, na ulinganifu unakatika hapo hapo.

Kwa makundi linganifu ya namba tasa zinazofuatana yenye idadi witiri, nakushauri upime umbali kutoka namba ya kati. Ukiacha 3, 5, 7, lazima umbali huo ugawanyike kwa 6, kama ilivyo katika 47, 53, 59 na katika 18713, 18719, 18731, 18743, 18749. Hadi leo hakuna aliyethibitisha kwamba makundi ya namna hiyo hayana mwisho.