Kupenda watoto siyo hoja: nilivyopata skolashipu ya masters nikiwa mwalimu wa chekechea Moshi

Juzi dada mmoja wa Usa River kanitumia meseji inboksi, "Hongera dada, na mimi nafundisha awali, naomba link ya skolashipu." Basi, imeishia hapo. Sijakasirika, ila tangu nilipoposti kwamba nimepata Chevening, ile skolashipu ya serikali ya Uingereza ya kwenda kusoma masters kwao, meseji za namna hiyo zimeshapita arobaini na zote zinataka link, kwa hiyo nimeona niandike mara moja hapa halafu nikiulizwa niwe naituma hii.

Link siyo shida jamani. Ukiandika Chevening Google inatokea ya kwanza, hulipii kitu, wanafungua Agosti kila mwaka. Mimi hiyo link nilikuwa nayo miaka mitatu na nikapigwa chini nayo mkononi.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo. Mimi nafundisha chekechea Pasua, hapahapa Moshi, shule ya mtu binafsi, watoto wa miaka mitatu mpaka mitano, chumba kimoja. Nilipoanza kusema nataka masters ya elimu ya awali watu walicheka, na sisemi walitabasamu, walicheka. Krismasi moja tuko Kibosho, ndafu hata haijakatwa, shemeji yangu anauliza mbele ya ukoo mzima, "Masters ya a e i o u? Kwani huko Uingereza hawana watoto wao wa kuimbisha?" Ukumbi wote ukaangua kicheko mpaka mama yangu naye akacheka kwa kuficha na kanga. Nilijibu kwa utani ila usiku sikulala. Najua anasoma hapa, shemeji habari za leo.

Sasa mwaka wa kwanza. Chevening wanataka uwe na uzoefu wa kazi masaa 2,800, ambayo wao wanahesabu kama miaka miwili. Nikasema aa mimi nina miaka miwili kamili, nimemaliza. Nikakaa na kalkuleta. Mwaka wa shule una siku 194 za masomo, mimi naingia saa moja natoka saa nane, yaani masaa saba kwa siku, ukizidisha unapata 1,358, kwa miaka miwili 2,716. Nimepungukiwa masaa 84! Nililia, sitanii, nililia juu ya daftari la maandalio ya somo. Mwalimu mwenzangu ndiye aliyeniuliza, na zile Jumamosi zako za Mbuyuni je?

Hizo Jumamosi ni hivi. Pale soko la Mbuyuni akina mama wanauza huku watoto wako chini ya meza, wamelalia magunia, wanacheza na maganda. Mimi nilikuwa nakwenda kununua ndizi tu, nikaanza kukaa nao, nikaja na vizibo vya soda, tukapanga kwa rangi, tukahesabu, nikawaita na mama zao wawe wanauliza maswali badala ya kufoka. Masaa matatu kila Jumamosi. Hakuna aliyenituma na hakuna aliyenilipa, nikitoka pale napewa fungu la nyanya. Kumbe kazi ya kujitolea nayo inahesabiwa. Nilikuwa nimeenda Jumamosi nyingi tu, na 28 zinatosha kabisa kutoa yale 84. Nikajaza fomu nikashukuru Mungu.

Halafu angalieni ujinga wangu. Nikazitumia zile Jumamosi kujazia masaa tu, kwenye insha sikuzigusa hata kwa mstari mmoja, maana niliona aibu, vizibo na magunia ndiyo uwaandikie Waingereza? Insha nikajaza "tangu utotoni nimekuwa nikipenda watoto", "mtoto ni taifa la kesho", na Kiingereza kigumu nilichokopa kwa kaka mmoja wa chuo. Sikuitwa hata intavyuu.

Mwaka wa pili ndiyo nikafanya la aibu zaidi. Kuna wakala mmoja Arusha mjini (simtaji, na ofisi yenyewe nasikia ilishahama), akaniambia ana mtu ndani, nikampa laki tatu, ya mshahara na ya mchezo, akanijazia fomu ya programu moja ya Ulaya. Nilipokuja kuisoma ile insha nikakuta eti mimi ni "mjasiriamali kijana". Mjasiriamali wa nini? Skolashipu ya kweli haikuombi hela ya kumuona mtu ndani. Rudia: haikuombi. Nikasikia mtu wangu yeyote katoa tena laki tatu nitamfuata kwao.

Mwaka huohuo niliomba na sehemu nyingine kwa mkono wangu, nikafika intavyuu, nikawekwa listi ya akiba. Listi ya akiba ni mateso mabaya kuliko kukataliwa, kila simu ikiita unaruka, miezi miwili unaishi hivyo, na chuo nilichosoma digrii nacho kilikaa na transkripti yangu wiki sita, mara sahihi haipo, mara mhusika yuko semina. Haya, yaliisha, sikuitwa.

Kwa hiyo mara ya tatu nikarudi Chevening, nikawa sina cha kupoteza. Usiku umeme umekatika, nimewasha tochi ya simu, bando inaishia, nikafuta kila kitu nikaanza na ile meza ya nyanya. Nikaandika mtoto mmoja aliyekuwa haongei, mama yake alidhani ana shida, kumbe siku nzima hakuna anayemsemesha. Nikaandika nilivyowapata akina mama watano, wakawa tisa, na walivyogombana na mgambo wa soko ili tupate kona yetu, na mimi ndiye niliyekwenda kuongea na uongozi. Huo ndiyo uongozi wanaoulizia kwenye insha dada yangu! Mwaka wangu zilikuwa insha nne, uongozi, mahusiano na watu, kwa nini umechagua zile kozi tatu unazoombea, na mpango wa kazi baadaye, na zote nne nilizijibu na soko la Mbuyuni.

Kwenye mpango wa kazi nikaunganisha na mambo ya nchi. Sera ya elimu ya 2014 ilishasema mwaka mmoja wa awali ni wa lazima, na Desemba 2021 serikali ikazindua ile PJT-MMMAM, programu jumuishi ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, ya miaka mitano. Karatasi tunazo. Nikauliza, haya, huyu mtoto aliye chini ya meza ya sokoni, ambaye hajafikia hata umri wa darasa la awali, nani anamhesabu? Ndicho ninachokwenda kusomea. Kwenye intavyuu walinikalia kwenye hilohilo swali karibu nusu ya muda na mimi nikawa naongea kama niko kwenye kiti changu cha plastiki pale sokoni.

Mnataka ushauri, ushauri wenyewe ni huo. Andika kile unachokifanya ambacho unakiona hakina maana. Kupenda watoto siyo hoja, kila anayeomba anapenda watoto, hata shemeji yangu anapenda watoto. Wewe wa Usa River, wewe wa Sakina, kuna kitu unafanya darasani kwako ambacho unaona ni cha kawaida tu, ndicho hicho, andika hicho. Na marefa wako, yaani wale wanaokuandikia barua za kukupendekeza, wape hadithi zako mapema, msimuachie mkuu wa shule aandike "ni mchapakazi na ana nidhamu", barua ya hivyo hata mlinzi anaandikiwa.

Nyingine za kuomba nazitaja haraka maana nazo mtauliza. Commonwealth, yaani za Jumuiya ya Madola, wana za kwenda Uingereza na wana za masomo ya mbali, ada wanalipa wao unasoma ukiwa hapahapa, kwa mwenye watoto wadogo hiyo ni nzuri sana. Erasmus Mundus, ambayo ni ya Umoja wa Ulaya, wakikuchukua wanakupa euro 1,400 kwa mwezi na ada juu yao, na kuna masters yao moja ya elimu ya awali tupu inaitwa IMEC, ya vyuo vya Oslo, Dublin na Malta. Aga Khan Foundation wao ni nusu ruzuku nusu mkopo, soma vizuri kabla hujashangilia, na chuo chao kina taasisi ya elimu pale Dar kama hutaki kwenda mbali. Hii yangu ya Chevening ni mwaka mmoja, nauli, ada na hela ya kujikimu wanatoa, ukimaliza unarudi unakaa nyumbani miaka miwili. Wanaonicheka eti nimefungwa, nifungwe nirudi Moshi? Nifungeni.

Dada wa Usa River nimekujibu. Nitumie ukurasa mmoja kufikia Jumapili, usiniandikie mtoto ni taifa la kesho.

Mimi naondoka Septemba. Jumamosi za Mbuyuni kazichukua mama mmoja muuza nyanya, kaishia darasa la saba, wiki iliyopita nimepita nikakuta kabadilisha mpangilio wangu wote wa vizibo na watoto wametulia kuliko wanavyotulia kwangu. Imeniuma kidogo.