Dishi la intaneti: maswali yenu

*Niko Mfangano, neti ya simu huku inakuja ikienda. Dishi litashika kisiwani?*

Litashika mama, na pengine vizuri kuliko mjini. Starlink, kampuni ya intaneti ya setilaiti, iliingia Kenya Julai 2023, na setilaiti zake ziko chini, kama kilomita 550 tu, si kama zile za zamani za karibu kilomita 36,000, zile ukipiga video unaongea halafu unangoja maneno yafike ndio mwenzako ajibu. Za zamani ndizo zilijengewa kituo cha mawasiliano cha Longonot hapa Nakuru mwaka 1970. Leo dishi unalibeba kwa boti mwenyewe.

*Niko Molo, langu linakatika kila mara. Niliuziwa feki?*

Si feki kaka. Setilaiti hazitulii mahali pamoja, dishi linahama kutoka moja hadi nyingine, kwa hivyo linataka anga wazi. Juzi nilikuwa kwa mteja Elburgon, shida ilikuwa blugamu moja tu ya jirani, upepo ukiinamisha tawi video inaganda, tawi likirudi video inaendelea, tukakaa hapo uani tunaangalia ule mti na simu mkononi mpaka mwenyewe akaamini. Tulipandisha dishi kwa nguzo juu ya paa, ikaisha. Kabla hujatoboa mabati fungua programu ya Starlink kwa simu, elekeza kamera juu, itakuonyesha kinachoziba.

*Na mvua ya Kakamega?*

Ikinyesha kubwa sana neti inaweza kupotea dakika chache. Radi ndio uogope, ukisikia ngurumo chomoa kwa soketi.

*Shule yetu ya Bondo haina stima. Sola itabeba?*

Mwalimu, chukua Mini, lile dishi dogo la Starlink, inakula kama wati 25 hadi 40. Masaa nane ya darasa hayafiki wati-saa 350, betri ya sola ya 12V, 50Ah iko na 600 hivi ikijaa. Paneli weka kubwa kidogo, kuna siku za mawingu. Naomba tu msifungie dishi kwa ofisi ya hedimasta, watoto ndio walilihitaji.

*Naweza kuuzia majirani Nyalenda?*

Kwa plani ya nyumbani hapana, na kuuza intaneti kunataka leseni. Lakini tangu 2021 Mamlaka ya Mawasiliano iko na mpango wa leseni za mitandao inayoendeshwa na jamii yenyewe, na inaniuma vile vikundi vingi havijui. Sajilini kikundi kwanza, halafu muulizie hiyo.